Miaka Mitatu Niliyokuongezea

Jumatatu, 6 Februari
Asubuhi: mawingu mepesi, upepo mdogo kutoka nyuma ya nyumba. Mvua hakuna.

Kaka Mkia,

Nakuamkia, na natumaini mgongo umepoa. Mimi sijambo, ukiacha goti la kushoto ambalo siku hizi lina maoni yake kila nikipanda ngazi. Nyumba imekuwa kubwa tangu tumzike Baba. Nimefunga vyumba viwili ili nisiwe nafagia mahali asipokanyaga mtu. Bado napika chakula cha watu wawili. Mkono umezoea, na jioni namalizia kile cha mchana. Waliokuja mazikoni waliniuliza uko wapi, nikawajibu kama siku zote: yuko safarini. Jirani yetu fundi saa akasema, "Safari gani hiyo ya miaka arobaini? Anaendesha kwenda mwezini?" Nikacheka. Nilipoingia ndani sikucheka tena.

Naandika kwa sababu kwenye simu hupatikani. Ukipokea unasema uko barabarani, unakata. Barua haikatiki.

Jambo lenyewe ni hili. Yanakusanywa maoni kuhusu sheria ya udereva. Wanataka umri wa kupewa leseni upande kutoka miaka kumi na minane hadi ishirini na mmoja. Kamati itakaa katika ukumbi wa mji wetu Jumatatu ya tarehe 15 Mei, na kila mwenye neno anaruhusiwa kulisema. Kazi yangu unaijua. Miaka thelathini nimekaa masjala ya hospitali, na kila anayeletwa kwa ajali anapita kwenye kalamu yangu: jina, umri, alikuwa dereva au abiria. Mwezi uliopita niliandika madereva kumi na mmoja. Saba hawakuwa wamefika miaka ishirini na mmoja. Mmoja wao alikuwa na leseni ya siku kumi na tisa. Mama yake aliikunja ndani ya kiganja, akawa ananiuliza kama itahitajika.

Mimi nitasoma namba zangu, lakini namba hazina sauti. Wewe umeendesha malori miaka arobaini na mmoja na hujagusa hata kuku. Njoo uwaambie usukani unataka mtu mzima. Utafikia hapa hapa. Chumba chako ni kimoja kati ya vile viwili nilivyofunga. Kukifungua ni kazi ya dakika moja.

Mdogo wako,
Karani


2 Machi

Mdogo wangu Karani,

Barua yako ilikaa kwa mlinzi wa bohari siku nane, nilikuwa njiani. Bado unaanza na hali ya hewa? Nilidhani nimewasha redio. Na yale madaftari yako ya kila siku, unayaandika mpaka leo? Siku panya wakiyatafuna watazijua siri za mji mzima.

Mimi mzima. Mgongo ni wa dereva, sina wa kubadilishana naye. Chumba changu kina dirisha moja, linatazama maegesho, kwa hiyo hata nikiwa kitandani naliona lori. Mwakani wananistaafisha. Kijana wa ofisini ananitania, "Mzee, sitini hiyo inabisha hodi." Natikisa kichwa tu; nimjibu nini? Hapa wote wananiita kwa jina lililo kwenye leseni. Wewe peke yako ndiye umebaki wa kuniita Mkia.

Paa la jikoni bado linavuja? Usipande mwenyewe na hilo goti.

Kuhusu kamati yenu, mimi ni dereva, si msemaji. Tafuta mwingine.

Mkia


Jumatatu, 13 Machi
Asubuhi: manyunyu mpaka saa mbili, kisha jua dhaifu.

Kaka Mkia,

Nakuamkia. Paa limezibwa. Paka wa fundi saa amezaa ndani ya sanduku la viatu vya Baba. Sijamfukuza, angalau kuna anayeingia na kutoka.

Sasa nisikilize, na usiikunje barua kabla ya mwisho. Nimefanya kosa.

Kabla hujanijibu nilikuwa nimeshakuandikisha kwenye orodha ya wasemaji. Nilikuwa na hakika utakubali. Fomu ilitaka umri na miaka ya kazi. Unanijua, nikiona mstari mtupu najaza. Umri nikaandika hamsini na sita. Miaka ya udereva, arobaini na mmoja. Nikaweka na nukta.

Ijumaa karani wa kamati akanipigia simu. Binti mpole, sauti ndogo. "Mama, samahani, nimejaribu kupiga hesabu hapa. Huyu kaka yako alianza kuendesha akiwa na miaka kumi na mitano?"

Nikapiga hesabu nami, ikatoka ile ile.

Mkono huu unajivunia kutokosea umri wa mtu. Kwako wewe uliandika ukweli, na ukweli ndio uliotuumbua. Nilimwambia nitahakiki. Kisha nikafungua sanduku la bati la Baba. Cheti cha kuzaliwa cha kaka yetu mkubwa kimo, kimekunjwa mara nne. Cheti cha kifo chake hakimo, kwa sababu Baba hakukichukua kamwe.

Mimi na wewe hatujawahi kulisema hili hata kwa macho. Ulikuwa mtoto wa kumfuata kaka mkubwa kila aendako, ndipo ukaitwa Mkia. Homa ikamchukua. Miezi sita baadaye Baba akasema marehemu hana kazi tena na cheti chake, nyumba haina unga, na mwenye lori anataka dereva wiki ile ile. Ungekuwa yeye: jina lake, miaka yake kumi na minane. Na fomu ya leseni aliijaza nani? Mimi, mwenye mwandiko mzuri. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Nimeshakufuta kwenye orodha ya kamati, usihofu. Lakini sasa naliuliza kwa ajili yangu: kwa nini uliondoka? Baba alisema umepata kazi mbali. Kazi ya mbali haimzuii mtu kuja kumzika mama yake.

Karani


Jumatatu, 10 Aprili
Asubuhi: mvua kubwa tangu alfajiri. Barabara ya hospitali imejaa maji.

Kaka Mkia,

Nakuamkia. Wiki nne. Nimepita posta mara tisa. Mzee wa dirishani sasa akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijafika, kunipunguzia hatua.

Paka wamefumbua macho. Kazini kimya. Sina jipya.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Hata hiyo ni barua.

Karani


21 Aprili

Karani,

Barua zako zote mbili ninazo. Nilizisoma siku zilipofika. Sikuwa safarini.

Nilikasirika, ndiyo. Nilisema, si angeandika miaka ile ile ya leseni, mbona alijua kuiandika? Nikazunguka na hasira hiyo mpaka nikaona haina pa kukaa.

Umeuliza, basi soma.

Mwenye lori alikuwa na utingo wake, mtu mzima, mrefu, mwembamba. Tulimwita Songa, kwa sababu nikirudisha lori nyuma alikuwa akilipiga ubavuni kwa kiganja: "Songa, songa, songa, hapo!" Gia alinifundisha yeye. Njia alinifundisha yeye. Na alijua. Siku ya kwanza alinikuta nakunja gunia nilikalie ili nione mbele. Akanitazama juu mpaka chini. "Dereva, siku hizi miaka kumi na minane inauzwa mifupi hivi?" Kisha akanikunjia gunia la pili.

Ilikuwa mwezi wa nane wa kazi. Bohari la saruji, lile lenye ukuta mrefu. Nikikalia gunia moja sikioni kioo cha pembeni. Nikikalia mawili mguu unafika breki kwa shida. Siku ile nilikalia mawili. Alisema "hapo". Nilimsikia, Karani. Mguu ukatafuta breki, ukakanyaga pembeni. Yeye alikuwa kati ya lori na ukuta.

Baba alikuja na baiskeli. Alikwenda nyuma ya lori, akarudi, akanivuta kando. Alisema polisi wakitazama leseni iko sawa, itaandikwa ajali. Lakini mtu akianza kuihesabu miaka yangu, atafungwa yeye, na atatafutwa aliyejaza fomu. "Amekufa. Huna la kumfanyia. Ondoka leo, kabla hawajakutazama vizuri." Nikaondoka jioni ile juu ya lori la mkaa.

Alikufa pale pale. Hakuna nililoweza kumfanyia. Hilo nimelishika mpaka leo, na bila hilo sijui ningelala vipi.

Na hiyo sheria yenu: shida si namba. Wangesema ishirini na mmoja, Baba angekuambia andika ishirini na mmoja. Kalamu haichoki. Anayetoa leseni ni njaa. Hapa kazini kuna vijana wa kumi na tisa wanaendesha vizuri kunishinda na wanalisha wadogo zao. Mkiwaweka miaka mitatu benchini, wakisubiri watakula nini?

Na usiseme tena kwamba sijagusa kuku.

Mkia


Jumanne, 2 Mei
Asubuhi: ukungu. Saa tatu ulikuwa bado haujainuka.

Kaka Mkia,

Nakuamkia. Nimesoma. Siku mbili sikuweza kushika kalamu, na kazini nilimwandika mgonjwa mmoja mara mbili.

Nitakujibu la sheria kwanza, maana ndilo ninaloliweza.

Umesema kalamu haichoki. Kweli. Lakini uso unachoka. Mimi nilikuwepo pale kwenye dawati la leseni, Baba alinichukua ili niandike. Wewe ulivaa suruali yake, umeikunja ndani kwa pini. Mtoto wa miaka kumi na mitano anaweza kuitwa wa kumi na minane, mtu akapepesa macho, akagonga muhuri. Mwite wa ishirini na mmoja uone. Yule afisa angecheka mpaka aite wenzake. Angetufukuza, tungelala njaa wiki mbili tatu, Baba angekwenda kubeba mizigo sokoni, na wewe ungekuwa hapa jikoni unanisumbua. Namba haimzuii mwongo, lakini inamwongezea mto wa kuruka. Hilo ndilo nitakalosema tarehe 15.

Kuhusu njaa ya kusubiri sina jibu. Nitawaambia hivyo pia, kwamba sina.

Sasa hili jingine. Unakumbuka yule afisa alifanya nini? Aliichukua fomu, akasema, "Nani ameandika? Mwandiko kama umechapwa." Akanipa penseli mpya. Muda wote huo alikuwa ananitazama mimi. Wewe hakukutazama kabisa. Nimekaa miaka arobaini na mmoja nikiikumbuka ile siku kama siku niliyosifiwa.

Njoo, kaka. Hata usiseme neno ukumbini. Kaa nyuma.

Karani


9 Mei

Mdogo wangu Karani,

Hoja yako ya uso nimesafiri nayo siku tatu. Nimeigeuza mbele na nyuma, sijapata pa kuipiga. Wewe ungekuwa wakili, wagonjwa wangekosa karani.

Ukumbini siji. Usinisubiri.

Lakini nimeomba likizo ya Julai, na wamekubali. Wameshangaa mpaka mkuu wa madereva akatoka nje kunitazama: "Mzee, wewe una kwenu?" Nikamwambia ninako, kuna mdogo wangu mkorofi. Fungua chumba. Usimwite mtu. Nitakwenda kwa Baba na Mama, kisha nitakaa jikoni unipikie.

Sharti langu ni moja. Siku ile tusiirudie. Nimekueleza mara moja, inatosha. Alikufa pale pale, hapakuwa na la kufanya, imekwisha. Ukinikubalia hilo, nakuja.

Mkia


Kutoka kwenye daftari langu

Jumatatu, 15 Mei
Asubuhi: mbingu safi, baridi kidogo. Umande kwenye nyaya za umeme.

Nimeamka saa kumi na moja na nusu. Nimepiga pasi gauni la kijivu. Nimefika ukumbini saa tatu kasoro robo. Viti vya mbele vitupu, watu wote wamekaa karibu na mlango kama wanaotaka kutoroka. Nimekuwa msemaji wa sita.

Namba nimezisoma kwa dakika nne. Hakuna aliyeinua kichwa. Kisha nimeiweka karatasi chini, nikasema kwamba nikiwa na miaka kumi na mitatu nilijaza fomu ya leseni ya mtoto wa miaka kumi na mitano, nikamwongezea mitatu, na akapita. Jina sikulitaja. Nikasema matokeo: mtu alibanwa na lori, mwingine akapoteza kwao. Nikasema ile ya uso, na kwamba ishirini na mmoja kwa mtoto yule isingewezekana hata kwa mwandiko wangu.

Kijana mmoja akasimama bila kuitwa, kofia mkononi. "Sawa, mama. Mlidanganya nyinyi, tufungiwe sisi?"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mwenyekiti akagonga meza. Nikamwambia kijana, "Ndiyo, mwanangu. Gharama ni yako na kosa ni letu. Sijapata namna nyingine. Wewe ukiipata, iseme, nami nitakuunga mkono." Akabaki amesimama. Akasema, "Mimi nina kumi na tisa, na nina wadogo watatu." Nikamwambia, "Najua. Niliulizwa na mwingine, sikuwa na jibu." Akakaa. Mwenyekiti akaandika kitu. Sijui kama ni langu au la kijana. Maoni yatapelekwa, wamesema, na majibu huenda yakachukua mwaka.

Sasa jambo ambalo sijaliandika hata humu, kwa karibu wiki tatu.

Alhamisi ya tarehe 27 Aprili, barua ya kaka ilipofika, nilishuka stoo ya masjala. Vitabu vya mwaka ule viko rafu ya chini, mkono wa kushoto. Nimevipita karibu kila siku ya kazi yangu. Ilichukua dakika kumi na mbili. Mwanamume, miaka 38, utingo, amebanwa na lori bohari la saruji. Ameingia tarehe 3. Amefariki tarehe 12.

Siku tisa.

Chini yake kuna maelezo ya muuguzi wa zamu. Tarehe 4: mgonjwa anauliza mtoto yuko wapi. Tarehe 6: mgonjwa anamuulizia mtoto tena, anasema asipigwe. Tarehe 9: mke anasema wana mabinti tu, hakuna mtoto wa kiume, mgonjwa ameanza kuchanganyikiwa.

Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa anamuulizia dereva wake, na hapakuwa na mtu wa kuwaelewesha, kwa sababu kwenye karatasi zote dereva alikuwa mtu mzima wa miaka kumi na minane. Baba sijui kama alijua. Nataka kuamini alitazama mara moja nyuma ya lori na akakosea. Baba hakuwa mtu wa kutazama mara mbili.

Barua ya tarehe 2 Mei niliiandika nikiwa nimeshajua. Nilijaza kurasa mbili na hilo sikuligusa. Nilidhani nasubiri wakati mzuri. Kisha ikaja ya kwake: alikufa pale pale, ukinikubalia hilo, nakuja.

Leo nimerudi kutoka ukumbini saa saba. Sikula. Nimeketi nikaandika: Kaka Mkia, nakuamkia, sharti nimelikubali, chumba nimekifungua, nakusubiri Julai. Nusu ukurasa, hakuna hata neno lililofutwa. Nilipoisoma niliona ni mwandiko mzuri kabisa, umenyooka, mtu angeweza kuusifu. Asubuhi nimesimama mbele ya watu sitini nikajishitaki kwa kuandika wanachotaka kusoma wanaume wa nyumba yetu. Mchana hata gauni sijavua.

Nimeichana. Nimeandika hii, na hapa nainakili ili isipotee:

"Kaka Mkia, hakufa pale pale. Aliishi siku tisa katika hospitali ninayofanyia kazi. Aliuliza uko wapi, akaomba usipigwe. Hakuna aliyemwelewa anamsema nani. Nimekunakilia ukurasa wote, mstari kwa mstari. Najua sharti lako, na najua nimelivunja. Chumba kiko wazi Julai, na kitakuwa wazi baada ya Julai. Karani."

Dirisha la posta linafungwa saa kumi na moja. Nimefika saa kumi na dakika arobaini. Mzee wa dirishani akanifurahia: "Leo unaleta, huulizii! Ya haraka au ya kawaida?"

Nikasema ya haraka. Akachukua muhuri. Nikamwambia, hapana, ngoja. Ya kawaida.

"Ya kawaida itachukua wiki, mama. Siku nane, tisa."

"Naelewa," nikasema. "Acha azipate hizo siku tisa."

Akaigonga, akaitupa kwenye gunia nyuma yake, na gunia lilikuwa karibu tupu, nikaisikia ikifika chini.

Nimefungua madirisha ya chumba, nimekung'uta godoro. Jioni nimepika. Naenda kulala, saa sita kasoro dakika kumi.